Nikate?

Meza sita. Ya saba, mguu wake mmoja
umekalia kitabu cha simu cha mwaka usiojulikana.
Karatasi ya chooni inaning'inia ukutani, ndiyo leso yetu sote,
na maji, kibandiko kinasema, jichotee mwenyewe.

Daegu imechemka leo. Lami inashika soli za viatu.
Mimi niko juu ya ngazi, kichwa ndani ya kiyoyozi cha Bi Sundeok,
ujira wangu umeshakubaliwa:
bakuli moja la tambi za barafu
na figili za kuongezwa mpaka niseme basi.

Alishona miaka ishirini na miwili
kiwandani, ng'ambo ya mto. Kola tu.
Kola mia tatu kwa siku, shati zima hakuwahi.
Kiwanda kikafungwa, akatoka na mkasi.
Ndio huuhuu? namuuliza kila kiangazi.
Wewe fundi au punguani? Ule ni wa nguo.
Huu ni wa chakula.

Akileta bakuli, vipande vya barafu vikigongana,
haulizi hali. Anauliza: Nikate?
Wenye haraka husema kata. Wenye watoto, kata.
Mara moja wima, mara moja kukingama, kwisha,
anakwenda zake.

Ila Mzee Gwak.
Pembeni, chini ya televisheni ya besiboli,
miaka kumi na tisa jibu lake ni moja: Acha.
Tambi ndefu, umri mrefu, ndivyo alivyolishwa na mama yake,
basi huvuta, huvuta, shingo nyuma, nyusi juu,
mpaka ncha imchape pua
na haradali irukie miwani.

Leo kaingia bila salamu. Kofia mkononi.
Nikate? Kwa mazoea tu, ameshageuka nusu.

Kata.

Bisibisi ikaniponyoka.
Hata yule kijana wa simu alisimamisha kidole hewani.
Maana kuna kukata kiu, na kukata shauri,
na kukata tamaa,
na kule kukata kwingine
ambako ndugu hujulishwa kwa simu ya usiku.

Bi Sundeok kasimama, mkasi wazi,
kama mdomo uliosahau neno.
Daktari kasema nini?
Daktari gani? Akafunua ufizi, mwekundu, mtupu.
Wa meno! Mpaka Alhamisi sina hata moja la juu.

Lo, tulicheka. Mpishi alichungulia na mwiko wake,
akacheka bila kujua cha kuchekea.
Naye Bi Sundeok akakata, kidogo kidogo,
kama anayekatia mjukuu,
huku akimtukana mzee kwa kumtia hofu.

Lakini aliye juu ya ngazi huona.
Kwa ncha ya kijiti aliinua tambi moja,
akaizungusha taratibu, akaificha
chini ya nusu ya yai. Haikuguswa na mkasi.
Uzi mmoja. Kola ya mia tatu na moja.

Mzee aliifikia mwisho, mchuzi umebaki kidole.
Akaitazama. Akatazama jikoni.
Hiyo haihitaji meno.
Akafumba macho, akavuta,
na ncha ikamchapa pua.

Gesi imeisha, nikamwambia Bi Sundeok nikishuka.
Siyo kweli sana.
Nitarudi Alhamisi.