Sanduku la Pili

Sanduku la kwanza linakula moshi.
Injini ya lori bovu tumeifunga uani kwa bolti nne,
inakohoa ndani ya bomba, bomba linapita penye feni,
hewa inauzimua moshi, na mimi, Somoe,
nasoma mshale: usizidi hapa, usipungue hapa.
Moshi nao una kipimo chake, kama chumvi.

Sanduku la pili linakula hewa tupu.
Imechujwa mara tatu,
joto ishirini na mbili, unyevu nusu,
matandiko hubadilishwa kabla mkojo haujanuka,
maana mkojo wa panya nao huwasha mapafu,
na lori lisije likasingiziwa.
Daktari Mnungu husema: la pili ndilo shahidi.
Likichafuka hilo, wa kwanza wamekufa bure.

Panya ishirini na wanne huku, ishirini na wanne kule.
Tumekatazwa kuwapa majina.
Yule mwenye pengo sikioni namwita Namba Tisa,
kwa sauti ambayo si ya namba.

Siku ya arobaini na moja, alfajiri,
Namba Tisa alipiga chafya.
Yumo sanduku la pili.
Nikazima injini. Nikasubiri.
Akapiga tena, na wenzake wakamwitikia.

Nikapanda paani, penye mdomo wa kuvuta hewa.
Chujio nililolifunga Jumatatu likiwa jeupe
limekuwa la manjano, linanuka kiberiti.
Nilijua kabla sijalishika.
Ni Juni. Toka Mikindani hadi Naliendele
mabomba yako migongoni,
mikorosho inapuliziwa salfa jua halijatoka,
na kaka yangu Shaweji yumo humo, kitambaa puani,
akiipulizia majani ada ya shule ya mwanangu.

Sikushuka upesi.
Chini barabarani malori ya makaa ya mawe
yalikuwa yakiteremka kwenda bandarini,
turubai zimelegea,
na watoto wa shule wakipita pembeni
bila sanduku, bila mshale,
bila wa kuwaandika.

Daktari alisema: andika.
Nikaandika: Siku ya 41. Hewa safi imeingiliwa. Salfa.
Akauliza: imetoka wapi?
Kalamu ikasita.
Nikasema: kwetu.

Kisha nikaenda kubadili chujio,
na matandiko,
na maji ya Namba Tisa.