Nipeni Mji

Kiwandani kwetu, njia ya kwenda Pongwe,
unga ukiyeyushwa wenyewe hutoka mkavu,
hukatika kama kauli ya msimamizi.
Kinachoulainisha ni mafuta ya pipa la buluu:
hayana rangi, hayanuki, hayachomi mkono.
Tuliyapima kwa kopo. Glavu zilitoka kabatini
siku ya wakaguzi, jioni zikarudi kabatini.
Miaka saba, mimi na Mwanashamba,
tukitengeneza mipira ya kumwagilia bustani.

Saa nne, chai ya Bi Somoe.
Mifuko ilipigwa marufuku, ikabaki ile myembamba ya kufungia;
humo aliimimina ikitokota, akapiga fundo.
Tulitoboa pembe kwa meno, tukafyonza.
Mfuko ulilegea kidogo mkononi.
Tukasema, moto huo.

Bombo, chumba cha picha. Jeli ya baridi tumboni.
Daktari Shekilindi anatafuta mayai kwenye kioo
kama konda anayehesabu chenji gizani.
"Mfuko wa uzazi uko sawa," anasema.
"Mifuko ya mayai ndiyo imechoka.
Wewe una thelathini na mbili. Yenyewe
inajihesabia arubaini na tano."

Mfuko wa chai. Mfuko wa pensheni, niliokatwa kila mwezi.
Mfuko wa uzazi.
Kiswahili, baba, hukuona neno jingine?

Nikamuuliza: ni yale mafuta?
Akavua miwani. "Wapo waliopima panya,
wapo waliopima mikojo ya wanawake, na wameona jambo.
Homoni hudanganywa. Lakini kwa mwili wako huu
siwezi kukuapia. Kipimo hicho sina."
Mtu mkweli.
Nilitaka anidanganye.

Mama mkwe kipimo anacho: macho.
Tangu Idi ya pili anaangalia dera langu kama limebana.
Juzi kaniletea kombe, zafarani safi,
limesomewa na kusomewa,
kalitia kwenye chupa ya plastiki
iliyoshinda juani toka Makorora.
Nimelinywa. Ningefanyaje?

Tulipokuwa watoto, Barabara ya Kumi na Nne,
tulitegana: nyumba haina mlango.
Yai! tulipiga kelele, hata wa miaka minne alijua.
Leo natega mimi.
Nyumba haina mlango,
mgeni kaingiaje?

Mmeshindwa. Nipeni mji.
Msinipe wa mbali, nipeni Tanga hii hii,
na nikipewa sitakwenda ufukweni wala sokoni,
nitakwenda moja kwa moja kwenye lile pipa
nisome karatasi iliyobandikwa ubavuni,
ile ambayo miaka saba
tuliigeuzia ukutani ili pipa lipendeze.

Nafasi yangu kapewa Nuswe, ana miaka kumi na tisa.
Nimempelekea kikombe cha bati na glavu jozi mbili.
Kikombe kakipenda, kina maua.
Glavu kazigeuza, kazinusa, kacheka:
"Dada, za nini?
Mbona hayachomi?"