Taa ya Mvunguni

Gari tulilinunua kwa mwokaji mikate wa Esquel,
na hata leo, jua likipiga bati,
linanuka hamira.
Anselmo alipima sakafu kwa kamba ya kiatu,
akaandika vipimo ukutani kwa penseli,
vingine vimekosewa, vingine vimekosewa mara mbili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
aliinama siku tatu chini ya kitanda chetu,
miguu nje, soksi moja imetoboka,
akiniomba bisibisi, akiniomba tochi,
akiniomba ninyamaze kidogo.
Bomba la chuma, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko.
Ndani yake mrija wa kwatzi, mwembamba kama mfupa wa kuku,
na ndani ya mrija taa
aliyoing'oa kwenye tangi la samaki la marehemu Obdulia, dada yake;
samaki tuliwagawa, taa ikabaki.
Mipira miwili ya kuzuia uvujaji. Fyuzi. Swichi ya kengele ya mlango.
Ilivuja. Akafungua. Ikavuja kwingine.

Usiitazame, aliniambia.
Mwanga wenyewe huuoni,
ile buluu unayoiona ni mabaki tu;
wenyewe unapita kimya, unachoma jicho,
nawe unaamka usiku ukidhani umeingiwa na mchanga.

Nikauliza: vijidudu vinakwenda wapi?
Haviendi popote, akasema kutoka mvunguni.
Vimo humo humo, utavinywa.
Mwanga hauviui hata, unavikata uzao tu;
vinabaki vile vile, haviongezeki,
vinapita tumboni kama wageni wa siku moja.

Bisibisi ilikaa mkononi mwangu.
Upepo ulisukuma gari ubavuni
kama ng'ombe anayejikuna.
Miaka thelathini na moja tumelala wawili,
na chumba kile cha Trelew, tulichokipaka manjano,
tuliishia kuwekea baiskeli.
Naye alinyamaza,
nikajua neno limemfikia
kwa kuchelewa, kama maji kwenye bomba refu.
Mkono ukatoka mvunguni, mweusi kwa grisi,
ukashika kifundo cha mguu wangu.
Haukuomba kifaa.

Mto wa pale unashuka kutoka barafuni
na rangi yake ni maziwa yaliyotiwa maji;
mwanga haupenyi weupe ule,
kila chembe ni mwavuli wa mdudu.
Kwa hiyo tuliyatuliza ndooni usiku kucha,
tukayachuja kwa shuka la harusi lililochakaa,
tukayapitisha polepole, lita moja kwa dakika,
yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikishika jagi.

Alitaka tungoje. Alikuwa na vichupa vya kupimia,
saa arobaini na nane, vikigeuka vyeusi maji ni mabaya.
Mwaka jana tumbo lilimlaza siku tisa
kwa sababu ya kijito kilichong'aa kama kioo;
kumbe hatua mia juu yake palikuwa na kondoo aliyeoza.
Alikuwa na haki ya kuogopa.

Nilikunywa yeye akiangalia.
Yalikuwa baridi, yana ladha ya mpira mpya,
na kwa mbali, nasema kweli, ya mkate.