Wingu Limejaa

Ujumbe umeingia saa nne na dakika kumi,
nikiwa Mtumba, masjala, kati ya mafaili:
Wingu lako limejaa.
Nikachungulia dirishani.
Novemba, Dodoma. Mbingu kama sufuria
iliyosuguliwa kwa mchanga.

Wingu gani hilo, linajaa halinyeshi,
linataka lilipwe kila mwezi
ama nichague cha kutupa?

Basi, saa ya chai, nachagua.
Picha za asubuhi njema, waridi na umande, mia tatu:
nendeni.
Risiti za luku. Kitambulisho changu, mbele na nyuma,
nilichompigia picha dalali wa kiwanja cha Ihumwa,
na kiwanja chenyewe, vigingi vinne na mbuzi wa mtu:
nendeni.
(Dalali bado ninaye mfukoni mwake.
Kwake sijasikia kama kumejaa.)
Video ya harusi ya Nyemo, dakika kumi na moja,
tisa kati ya hizo ni mgongo wa mpiga picha.

Kisha mama.
Hakujua kuandika, alipiga picha.
Shamba la uwele, Chipanga, kila Jumapili:
uwele wa goti, uwele wa kiuno, uwele na ndege,
na kidole gumba chake pembeni, kama sahihi.
Mia nne na kumi na mbili.
Kwetu kihenge kikijaa hupigwa vigelegele.
Hiki changu kimejaa, kinapiga kelele.

Humu ofisini faili halichomwi
bila sahihi tatu na tarehe.
Hapa kidole kimoja kinatosha.
Vitakaa kapuni siku thelathini, simu inanituliza.
Thelathini!
Hata mama mwenyewe tulimpa arobaini.

Nimefuta uwele wa goti.
Nimeurudisha.
Nimefuta ndege, na ndege
wameacha shamba kimya mno.

Imebaki sauti, sekunde thelathini na nane.
Kuku, upepo, mtu anatwanga kwa mbali,
halafu yeye: "Mbukwa, mwanangu.
Huku wingu limefunga upande wa mbugani, zito hasa,
sijui kama le..."
Hapo kidole kiliteleza.
Nami siku ile, nikiwa na haraka zangu,
nilimjibu kwa kile kidole gumba cha njano.
Sikuuliza kama ilinyesha.

Chai imepoa. Mtu anagonga kaunta.
Nimelipia wingu,
mwezi mmoja kwanza.