Mizani Isiyofunga

Majivu ya Jumatano yalikuwa hayajafutika kipajini
niliposhika kalamu na daftari la uzani.
Hombolo, mwezi wa tatu, zabibu zimeiva
hata nyuki wanalewa kabla ya saa nne.

Nilifunga. Sikugusa hata chai ya rangi.
Mke wangu aliifunika sufuria ya mlenda,
akasema, "Posho yako ya mchana itie kwenye bahasha."
Nikaitia: elfu moja na mia tano,
kila siku, kwenye bahasha ya maskini,
jina langu juu yake kwa herufi kubwa.

Ila mizani ya bosi haikufunga.
Chini ya sahani yake palikuwa na nati
niliyoikaza mwenyewe msimu wa juzi,
bosi akinimulikia tochi,
na tangu usiku ule inakula,
kilo mbili kila kreti.
Si wizi, aliniambia, ni mnyauko.
Zabibu hunyauka njiani, hujui?
Nikaandika: mnyauko.
Neno likakaa vizuri daftarini, kama la kitaalamu.

Ijumaa ya tatu, jua limekaa utosini
kama mdai aliyegoma kuondoka,
tumbo langu likaanza kunguruma mbele ya watu
na mimi nikalionea fahari.
Akafika Foibe Chibago, kreti kichwani,
ngata ya khanga, vidole vina alama za mkasi,
mjukuu nyuma yake na ndoo ya masalia.
"Mbukwenyi."
Nikaitika. Nikaongeza, sijui kwa nini,
pengine ni kiburi cha mwenye njaa ya hiari:
"Tuvumiliane mama, leo tumefunga."

Akatua kreti. Akajipangusa.
"Umefunga wewe, mwanangu.
Sisi tumefungwa.
Wewe jioni unafungua. Sisi anatufungua nani?"

Hakusema kwa ukali.
Alisema kama anayeuliza bei ya chumvi.
Akautazama mshale: ishirini.
"Dukani kwa Malogo ilikuwa ishirini na mbili.
Kutoka pale hadi hapa sijapumzika hata mara moja.
Hizo mbili zimeliwa na nani?"

Mtoto alikuwa anaiangalia mizani
kama mtoto anavyomwangalia mtu mzima anayetafuna.

Kilo ilikuwa mia saba na hamsini.
Nilipiga hesabu mara moja, nikairudia,
kwa sababu karani hairuhusiwi kubahatisha.
Kilo mbili: elfu moja na mia tano.
Nikaikumbuka bahasha. Nikaikumbuka herufi kubwa.

Siku hiyo nilifungua saa nane mchana,
kabla ya wakati,
kwa spana namba kumi na tatu.
Nati ilikuwa na kutu, iligoma,
nikalala kifudifudi vumbini, foleni nzima kimya,
tumbo langu sasa halisemi kitu.
Ilipolegea, mshale ulitetemeka,
ukapanda: ishirini na mbili na robo.
Hiyo robo hakuna aliyewahi kuijua.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alisema,
"Na za msimu wa jana?"
Sikuwa na spana ya swali hilo.

Bosi aliporudi na lori
alichukua kalamu, akachukua na daftari.
Nati hakuiuliza. Ninayo bado.
Nilikuwa nimekwisha kunakili majina,
kurasa kumi na moja, mwandiko mbaya,
nawalipa kidogo kidogo, nikipata kibarua
cha kukata zabibu za watu.
Nimemaliza ukurasa mmoja na nusu.

Mwaka huu, Kwaresima, hata sijui nimefunga au la.
Kuna siku chungu chenyewe kinaamua.
Jana, jua likizama, tulikuwa tumekaa gizani
kuokoa mafuta ya taa.
Mlango ukagongwa.
Harufu ya ugali wa uwele ikatangulia kuingia,
na sauti ya Foibe, mikono imejaa bakuli,
akasema neno moja tu:

"Fungua."