Hasi Tisa

Kiboriloni, Jumamosi, saa kumi na moja jioni,
mteja wa mwisho ameshajaribu koti na kulirudisha.
Ubao wetu wa sataranji umelala juu ya robota ambalo halijafunguliwa,
kete zote za mbao, isipokuwa ngome moja ya Ndewario
iliyopotea mwaka ule wa mvua nyingi;
nafasi yake inashikwa na kifuniko cha soda,
nacho kinapiga kama ngome halali.

Nimebaki na shaha na vitunda vinane, vile vidogo vya mbele.
Yeye ana shaha, vitunda vinane,
ngome ya mbao na ngome ya bati.

Kundaeli, mtoto wa dada yake, ameshika simu.
Anaingiza kete moja moja kwa kidole gumba,
programu inafikiri, betri inapata joto,
kisha hukumu inatoka: hasi tisa nukta mbili.
"Mjomba umeshashinda. Huyu anatuchelewesha kula tu."

Hasi tisa.
Ni kama kusema huyu mtu hana meza, hana robota,
hana hata hanga.

Lakini tazama, Kundaeli. Usihesabu, tazama.
Kitunda changu pua kwa pua na kitunda chake,
toka ukingo wa kushoto hadi wa kulia,
jozi nane, moja juu, moja chini,
meno ya zipu iliyofungwa ikakwama.
Ngome zake zinakwenda kushoto, zinarudi kulia,
mafahali wawili ndani ya zizi walilojijengea.

Kule kwetu Old Moshi mpaka wa kihamba ni masale.
Hayana miiba. Mbuzi angeweza kupita.
Baba mkubwa alikuwa na ng'ombe, lori, na wakili wa mjini,
na mstari ule wa majani haukusogea hata unyayo.
Simu ingeulizwa nani atashinda
ingehesabu lori.

Nasogeza shaha. Anasogeza kifuniko.
Nasogeza shaha, namrudisha.
Kundaeli anahesabu kwa vifungo vilivyodondoka kwenye mashati,
maana hatua zikitimu hamsini
bila kete kuliwa wala kitunda kusonga,
mchezo umekwisha, hakuna mbabe.

Kwenye kifungo cha thelathini na kitu Ndewario anakohoa.
Anaichukua ngome ya mbao, ile nzuri,
anaiweka mshazari mwa kitunda changu, bure kabisa,
kisha anajifanya anatafuta kiberiti.

Kula, inasema simu. Mshale wa kijani unaelekeza palepale.
Ukila, hasi tisa inakuwa hasi nne.
Na mkono wangu, nakiri, uliondoka pajani.
Miaka kumi na tisa ya kuuza suruali
haijanifundisha kukataa cha bure.

Ndipo nikaiona zipu.
Kitunda kikitoka mstarini kwenda kula,
jino moja likiachia,
nguo yote inafunguka mpaka chini.

Nikasogeza shaha.

Ndewario akacheka kicheko chake cha puani,
akairudisha ngome nyumbani.
"Umeona?" akasema. Hakuwa akiniambia mimi.
Alikuwa anaiambia simu.

Mimi sibishani na mashine. Nasikia zinawafunga mabingwa wa dunia,
na tukianza upya itanimaliza kabla chai haijapoa.
Imepitia michezo isiyohesabika, wanasema.
Pengine haikukutana na watu wazima wawili
waliokubali kukaa hivi mpaka giza,
mmoja tajiri asiye na mlango,
mmoja maskini asiyetoka nje.

Kifungo cha hamsini kilikuwa chekundu, cha koti la kike.
Ndewario alikunja ubao, akauliza kama nina chenji ya elfu kumi.
Kundaeli akatugeuzia kioo tuone:
bado hasi tisa, sasa nukta tatu,
imezidi kujiamini.
Betri, asilimia nne.