Nukta Tatu

Ljubljana, Novemba. Ukungu umekaa juu ya mto
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Mimi ni Breda, karani wa kumbukumbu za Bunge,
miaka ishirini na sita nikiwapigia pasi waheshimiwa maneno yao:
wakikohoa, nafuta; wakikwama, nawakwamua.

Jumanne Waziri Mkuu alisimama, akasema,
"Daraja jipya litavuka ule... ule..."
akatazama dirishani, na mto ulikuwa pale pale,
"wa maji."
Upande wa pili wakacheka.

Usiku, kwenye runinga, daktari mwenye tai ya kijani,
ambaye hajawahi kumshika hata kifundo cha mkono,
aliutaja ugonjwa kwa jina kama anayesoma bei ya nyama.
Baba alikuwa akisikiliza. Akaniuliza,
kwa mara ya nne, viatu vyake viko wapi.
Nikazima.

Lakini baba yangu hatii saini sheria.
Hatumi askari mpakani. Kalamu niliyomficha
ni ya hundi ya pensheni tu.
Sitara ninayompa huyu, nimkopeshe na yule,
deni walipe watu milioni mbili?

Asubuhi vidole vilikuwa vimeshaandika jina la mto.
Nikalifuta.
Sikuandika ugonjwa; mimi si tabibu.
Kicheko nacho sikukiandika.
Niliandika ule, nukta tatu, ule, nukta tatu,
wa maji.
Kisha nikakaa, mikono mapajani,
nikingoja simu.